Kobe Niliyempeleka Ukweni

Kosa langu la kwanza katika ufugaji wa kobe lilikuwa kumchagua kwa kumpima kwenye karai. Naona haya hata kuliandika, lakini chekeni tu, mmeshanicheka kwa mengine.

Ilikuwa miezi michache kabla ya uhuru, na mimi, fundi cherehani niliyejifunza mwenyewe kwa kufumua makoti ya watu (na kuyarudishia kwa hofu), nilimwona kobe kwenye bustani ya mzungu mmoja niliyempelekea suruali, nikajiambia, kama tunakwenda kujitawala, basi na mimi nafuga kobe. Nikauliza kila mtu hapa Mwanza kobe gani anamfaa anayeanza. Wengi walisema wa nchi kavu, anakula majani, hana makuu. Lakini huyo hukua akawa kama sufuria ya pilau, na chumba changu kilikuwa na kitanda, cherehani na mimi, kwa hiyo nikachukua wa ziwani kwa mvuvi mmoja wa Kirumba, mdogo, bapa, mdomo kama anatabasamu, akaenea kwenye karai sawasawa. Nikafurahi kama nimekata koti likatosha bila kupima.

Shida, siku hiyohiyo Mjomba alikuwa ananipeleka kwa kina Zubeda, msichana niliyempenda, kuposa. Nikaona kumwacha kobe peke yake siku ya kwanza ni ukatili, nikamtia kwenye kikapu, nikamfunika kitambaa cheupe nilichokitarizi mwenyewe, nia yangu nimweke barazani tu mpaka tumalize.

Sasa ninyi mnajua, mtu akija kuposa na kikapu kilichofunikwa, nani atamwuliza kina nini? Shangazi yake Zubeda alikipokea kwa mikono miwili, akapiga kigelegele, akaingia nacho jikoni. Mimi siruhusiwi kufungua mdomo, mposaji husemewa. Nikamkanyaga Mjomba mguu. Akadhani namhimiza.

"Ni kitu kidogo tu," akamwambia baba yake Zubeda, kifua mbele. "Kijana wetu kakichagua mwenyewe, usingizi hakupata."

Kumbe kobe wa ziwani akiogopa hutoa harufu (hilo hakuna aliyeniambia, au waliniambia nikiwa nawaza karai). Harufu ilitangulia, kama samaki aliyesahauliwa ndani ya kiatu, halafu zikaja kelele, halafu Shangazi mwenyewe, kikapu amekinyoosha mbali na pua.

"Kaka, wametuletea kobe! Nyumba ya Waislamu, kobe haliwi, wao wanaposa kwa kobe!"

Mzee akanitazama. Nikavunja adabu zote, nikajisemea mwenyewe.

"Shikamoo. Si wa kula, baba. Wa kufuga. Shikamoo."

"Kufuga? Anataga mayai ya kuuza?"

"Hapana."

"Analinda nyumba?"

"Hapana, baba. Anakaa tu."

Mjomba alikuwa anakagua dari, kama mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa. Nikaona Zubeda ndiyo basi, kesho atachumbiwa na mtu mwenye akili, mwenye mbuzi. Nyuma ya pazia mtu akawa anakabwa na kicheko, na nilikijua kicheko kile.

"Mpe tu, kaka," Shangazi akasema, pua ameibana. "Anayevumilia harufu hii hata mapishi ya Zubeda atayaweza."

"Shangazi!" pazia likafoka.

Mzee alicheka mpaka kofia ikadondoka, akasema turudi Ijumaa, mikono mitupu, na kwa sasa mtu afungue madirisha yote.

Tulirudi, tukakubaliwa. Kobe nilikwisha kumrudisha ziwani jioni ileile, akazama bila hata kugeuka. Siku hizi nina mke, nina kobe wa nchi kavu anayekula mchicha na hanuki, na nikiwa na neno nalisema mwenyewe mapema, hata sauti ikitetemeka.