Siku Niliyoizima Seva ya Zahanati

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kukaa Garissa mjini mbele ya kompyuta, nikituma programu mpya kwenye seva za zahanati zilizo mbali. Seva yenyewe ni kompyuta ndogo tu, imefungiwa kabatini, inatunza kumbukumbu za wagonjwa. Ukitazama ramani utadhani zote ziko jirani. Lakini mtandao ukikatika katikati ya kazi naanza upya, na macho yangu yamechoka kuutazama ule mstari wa kwenye skrini unaojaa polepole, kisha unasimama.

Utaratibu unataka nimpigie muuguzi kwanza, nimuulize kama umeme wa sola unatosha na kama wagonjwa ni wengi. Asubuhi moja sikupiga. Wiki ile nilikuwa nimepiga simu hadi sikio likawaka moto, nyingi hazikupatikana, nikajiambia liwalo na liwe. Nikatuma kwenye zahanati moja upande wa Hulugho. Programu ilipofika nusu, mtandao ukapotea. Uliporudi, seva haikuitika.

Haikupita saa moja simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa zahanati ile, mwanamke ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Kisomali changu ni cha salamu tu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, p zake nyingine zikitoka kama b.

"Walaal, ndugu yangu, umefanya nini? Mashine haifunguki, na leo ni siku ya chanjo."

"Zima, uwashe tena."

"Nimezima mara tatu. Iko mama hapa ametoka malishoni tangu alfajiri, kadi ya mtoto imebotea. Sindano gani amebata, gani bado? Mimi sijui. Iko ndani ya mashine yako."

Nikamwambia nakuja.

Kesho yake nilipanda gari la kupeleka dawa. Tulishinda kwenye mchanga na vizuizi vya polisi, tukafika alasiri, mgongo wangu umekufa ganzi. Yule mama alikuwa bado yupo. Alikuwa amelala kwa jamaa yake, sasa ameketi kwenye benchi na mtoto mapajani. Muuguzi naye alikuwa ameandika wagonjwa wote wa siku mbili nyuma ya maboksi ya dawa, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Nilifungua kabati, nikachomeka flashi, nikairudisha programu ya zamani. Kumbukumbu zilikuwa salama. Jina la mtoto likatokea, muuguzi akasoma, akaandaa sindano, mtoto akaangua kilio. Mama yake akasema jambo huku akinitazama.

"Anauliza kama ni wewe ulifunga mashine," muuguzi akaniambia.

"Mwambie ni mimi."

Akamwambia. Mama alinikazia macho, nikajiandaa kwa matusi. Akasema maneno machache.

"Anasema macho yako ni nyekundu sana. Umekula?"

Sikuwa nimekula. Muuguzi akaagiza chai ya maziwa na mikate ya anjera, nikala, kisha nikaketi kuingiza majina kutoka kwenye maboksi, moja moja, hadi adhana ya magharibi.

Siku hizi situmi chochote kabla sijapiga simu. Mkubwa wangu analalamika kwamba kazi ya siku moja inanichukua wiki nzima. Simbishii.