Hita ya gesi iliyokuwa ikijizima bafuni, na mkwe wangu aliyelazimika kuingia

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi kawaida yangu ni kusoma nikinyamaza. Lakini jana mmoja wenu aliuliza mbona hita yake ya gesi inawaka kidogo halafu inazima, na wengine wakamjibu akate waya wa sensa, kile kidude kinachoizima. Hapo nikashindwa kunyamaza.

Hita kama hiyo nusura imchukue mume wangu. Nitawaeleza vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi. Majina nitayataja kwa sababu wenyewe wamekubali, hata fundi Wycliffe.

Shule sikuenda mbali, kwa hivyo mkiona makosa mpite nayo polepole.

Tunakaa mtaa unaoitwa Tena, Eastlands ya Nairobi. Mume wangu ni Zakayo, alikuwa mtu wa reli mpaka akastaafu. Baada ya kupigwa na stroke, upande wake wa kulia ukawa mzito, na daktari akasema maji ya baridi asiyaguse. Nikawa nabeba sufuria ya maji moto kutoka jikoni mpaka bafu, na mikono yangu nayo si ya jana.

Binti yetu Jescah alipoona hivyo akanunua hita ya gesi, ile ya kutundika ukutani. Fundi wa kuifunga alikuwa Wycliffe, mtoto wa marehemu Truphosa aliyekuwa akiuza omena pale kona. Aliifunga ndani ya bafu, mtungi ukakaa nje ya mlango kwenye korido.

Sasa ngoja niwaeleze kuhusu dirisha la bafu, maana shida ilianzia hapo.

Wale wa Eastlands mnajua mambo ya extension. Mtu ana nyumba ndogo, anaongeza chumba nyuma, anaongeza juu, mpaka ukuta wake unasalimiana na wako. Jirani yetu Mama Njoki alijenga vyumba vya kupangisha, na ngazi ya wapangaji ikapita karibu kabisa na dirisha letu. Mtu akipanda kwake anamwona Mzee akioga kama anaona televisheni.

Zakayo akasema hapana. Tukaziba dirisha na plywood, tukapigilia misumari pande zote. Kijitundu kilichobaki nikakiziba na gunia, kwa sababu ya baridi ya Julai.

Hita ilianza vizuri. Kisha ikaanza vituko.

Mara ya kwanza ilikuwa inalia tak tak tak bila kuwaka. Wycliffe akaja akabadilisha betri, zile kubwa za tochi, ikawaka.

Mara ya pili tulikuwa tumebadilisha mtungi. Tak tak tak, hakuna moto. Akaniambia kuna hewa ndani ya mpira wa gesi, nifungue maji nifunge, nifungue nifunge, mpaka gesi ifike. Kweli ikafika.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya mgao wa maji. Tenki ilikuwa inaenda kuisha na maji yanatoka kama machozi. Hiyo hita maji yasipoisukuma haiamki. Hiyo nilijijulia mwenyewe, nikajiona fundi.

Ya nne ndiyo hii yenu. Inawaka vizuri, Mzee anajipaka sabuni, halafu puu, imezima. Anaachwa na povu akitetemeka. Akingoja kidogo mlango ukiwa wazi, inawaka tena. Akiufunga, inazima.

Nikamwita Wycliffe. Akaifungua, akaangalia ndani na tochi ya simu.

"Shosh, hii ni sensor tu inaleta kiburi," akaniambia. "Naipita juu, utaona."

"Haina shida?"

"Shida gani na moto ni ule ule? Itawaka kama ya hoteli."

Akaunganisha waya mbili, akazifunga na tepu nyeusi. Na kweli ikawaka bila kuzima. Mimi nikamchinjia Wycliffe chapati na maharagwe, kama mnavyosema nyinyi vijana.

Kitu ambacho sikukiweka maanani ni kwamba Mzee alianza kutoka bafuni akisema kichwa kinamgonga. Nikadhani ni presha. Na ule moto uliokuwa wa buluu ukawa na njano njano. Nikaona umenenepa tu.

Hapa lazima nipumzike niwaeleze jambo lingine, ndio muelewe.

Jescah ameolewa na Enos, na mtoto wao ni Trevor. Enos anafanya kazi Industrial Area, kwenye kiwanda cha mikate, na yeye ndiye huangalia boiler na majiko yao ya gesi. Hivi vitu ndivyo vinamlisha.

Mtauliza, mbona basi hatukumwita?

Sisi ni Waluhya. Mkwe wako akija nyumbani anakaa sebuleni. Anakunywa chai, anaongea na baba mkwe mambo ya siasa na mvua, anaenda kwake. Korido haikanyagi. Kwamba mimi mama mkwe nimwambie njoo uangalie mahali tunapoogea, hapo ningetafuta pa kuuficha uso. Na yeye pia hawezi kuuliza.

Jumapili nyingi Enos ameketi pale kwenye kiti akisikia tak tak tak kutoka bafuni, na anajifanya anasoma kalenda ukutani. Jescah aliniambia baadaye kwamba wakiwa njiani kurudi kwao alikuwa anasema, "Ile kitu ya kwenu si mzima." Lakini kuniambia mimi, ng'o.

Sasa Jumapili hiyo Enos alitangulia kufika, Jescah akabaki kanisani na mkutano wa akina mama. Mzee alisikia mkwe amekuja akasema ataoga upesi avae shati nzuri. Akaingia, akafunga komeo.

Nikamwekea Enos chai. Tukakaa. Maji yalikuwa yanasikika yakimwagika.

Enos akatabasamu, akasema, "Mama, leo haijalia."

Nikafurahi, maana ni kama tumeruhusiana kuongea. Nikamwambia, "Baba Trevor, ile hita ilipona. Wycliffe aliunganisha waya fulani, sasa haizimi hata kidogo."

"Waya gani?"

"Ya kale kasensa kalikokuwa kanazima."

Akaweka kikombe chini. Hakukiweka kwenye sahani, alikiweka kwenye kitambaa changu cheupe, na Enos si mtu wa kufanya hivyo.

"Mama, dirisha la huko liko wazi?"

"Liko na plywood."

Akasimama. Akafika pale pazia la korido linapoanzia, akasimama tena, kama mtu amefika mtoni. Akaita akiwa pale pale. "Baba. Baba, tafadhali niitikie."

Maji tu.

Nikapita kando yake nikaenda kugonga. "Zakayo. We Zakayo." Nikasikia kitu kama mtu anayekoroma. Nikasukuma, komeo lilikuwa limefungwa.

Sitasahau vile Enos aliongea. Hakupaza sauti. "Mama, funga gesi hapo kwa mtungi. Halafu ufungue mlango wa mbele na wa nyuma, uache wazi."

Nikafunga, nikafungua milango. Nikarudi nikamkuta bado yuko kwa pazia. Jasho lilikuwa linamtoka. Akaniangalia machoni, na mkwe hamwangalii mama mkwe machoni.

"Mama, naingia."

Nikasema, "Ingia."

Akapiga bega mara moja, komeo likang'oka. Zakayo alikuwa ameteleza chini kando ya ukuta, povu kichwani, midomo ina rangi ambayo siwezi kuisema. Enos akambeba kama mtoto mpaka uani nyuma ya nyumba.

Na wakuu, mtanisamehe nikicheka sasa, maana siku hiyo sikucheka. Njia yote Enos alikuwa amegeuza uso ukutani asimwone baba mkwe wake. Kwa kutoangalia aendako akajigonga kwenye fremu ya mlango wa jikoni, paji la uso likapasuka, na bado hakugeuka.

Nikavua leso yangu nikamfunika Mzee. Wapangaji wa Mama Njoki walikuwa kwenye ngazi, na Mama Njoki mwenyewe akawafukuza warudi vyumbani. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Upepo ulipompata vizuri akakohoa, akatapika, akafungua macho. Mtu wa kwanza kumwona ni Enos, anatokwa na damu usoni, anaangalia juu mawinguni.

Zakayo akafunga macho tena.

Hospitali walimweka kwenye oksijeni. Daktari mmoja kijana akatuambia moto ukikosa hewa safi unatoa moshi ambao hauonekani na hauna harufu, na huyo ndiye muuaji. Akasema ile sensa ilikuwa inazima kwa sababu imeona hewa imekwisha. Ilikuwa inatulinda, na sisi tukaifunga mdomo na tepu.

Mzee akapona, akarudi nyumbani. Lakini nyumba haikupona.

Enos hakuja tena. Jumapili Jescah alikuwa anakuja na Trevor, nikiuliza baba yake ako wapi naambiwa yuko kazini, na kiwanda cha mikate najua Jumapili kinafunga. Zakayo naye hakumtaja. Nikisema Enos, anatafuta redio.

Jescah akaanza kukonda. Siku moja jikoni akaniambia, "Mama, Enos anasema amemuona baba uchi, hana uso wa kuleta hapa. Na baba hajamtumia hata salamu. Nitakaa katikati mpaka lini?"

Nilimwendea Zakayo uani anaota jua. Nikamwambia, "Mtoto wako anakonda kwa sababu ya wanaume wawili wenye aibu. Mmoja wenu ni mkubwa, na si Enos."

Kesho yake akaniambia nipigie Jescah simu. "Mwambie mkwe aje. Na asije mikono mitupu."

Kwetu jambo kama hilo lina dawa yake, mkwe na baba mkwe wanapeana zawadi ya kuondoa aibu. Wengine husema kondoo, wengine kuku. Enos alikuja na blanketi, Zakayo akamkabidhi jogoo mwekundu akiwa hai. Walipeana wakiangalia chini, kama watoto wamelazimishwa kusalimiana. Kisha tukakaa kwa chakula na hakuna aliyegusa kitu.

Zakayo ndiye aliyeanza. Mkono wake mzima akausogeza kwenye sahani ya nyama, akaisukuma upande wa Enos.

"Kula, mkwe. Mali yote ya nyumba hii umeshaiona, hakuna kingine tunakuficha."

Enos alijikaza, akajikaza, halafu akacheka mpaka machozi. Jescah akainuka akaenda jikoni, na mimi najua hakuenda kuleta chumvi.

Baada ya kula, Mzee mwenyewe akamshika mkono akampeleka bafuni. Enos aling'oa ile plywood, akatoa hita, akaifunga ukutani nje mahali penye hewa, akarudisha waya za sensa vile zilivyokuwa. Wycliffe alikuja kusaidia kushika ngazi. Hakuna aliyemtukana. Enos alimwonyesha tu, na Wycliffe akasema pole tena na tena, akaenda kuangalia hita nyingine alizofunga huku Tena.

Kwa hivyo wakuu, haya ndiyo niliyojifunza. Ikilia tak tak bila kuwaka, anza na betri, halafu mtungi, halafu nguvu ya maji. Hayo hayaui mtu. Lakini ikiwaka kisha ikazima, usigombane nayo. Angalia ni nini umeziba. Na kama kuna mtu wenu anayejua, muulize, hata kama ni yule ambaye mila inasema asiulizwe. Mila yetu naipenda, lakini ina dawa ya aibu, haina dawa ya kaburi.

Wale wa magharibi mniambie kwenu jambo kama hili mnalitengenezaje, ni kuku au ni kondoo? Na mafundi wa gesi, nikikosea mahali nirekebisheni.

Wewe uliyeuliza jana, kama kuna mtu wako anaoga saa hii, weka simu chini uende umgongee. Haya mengine utayasoma ukirudi.