Fundi Chokaa Anayesaka Kuta za Khetu

Saa moja asubuhi, Bhanwarlal Kumawat yuko juu ya ngazi ya mianzi, kisu butu mkononi, anaupuliza ukuta kama mtu apulizaye chai ya moto. Ndoo ya chokaa iko chini, haijaguswa.

"Bhanwarlal, keshokutwa ni sikukuu ya Diwali!" anafoka Bi Gulab, mjane mwenye nyumba. "Lakshmi, mungu wa neema, haingii nyumba chafu. Nimekuita upake, wewe unanichimbia!"

"Nipe mpaka saa sita, dada. Nisipopata kitu, napaka bure."

"Bure? Majirani, mmemsikia!"

Mafundi chokaa wamejaa mji huu wa eneo la Shekhawati, India. Huyu, mwenye miaka hamsini na mbili, ana wazimu wake: anamsaka Khetu, fundi aliyechora kuta za matajiri miaka ya 1840 bila kuandika jina popote. Wazee hutaja kuta ishirini na tatu. Bhanwarlal amepata nne. Nyingine zimebomolewa, au zimefunikwa na chokaa ya kila Diwali.

Utajuaje ni Khetu? "Tembo wake wana kope za bibi harusi," anacheka. "Nani mwingine angethubutu?"

Kupaka humpa rupia mia sita kwa siku. Kubandua chokaa kuukuu hakumpi kitu. Mkewe keshamwambia akaishi na huyo Khetu wake.

Saa tano na nusu, kope zinatokea. Kisha jicho, mkonga, farasi wa harusi, rangi mbichi kama ya jana. Bi Gulab anaacha kufoka.

"Miaka arobaini nalala humu," anasema. "Mungu wangu!"

Lakini juu ya tembo, palipostahili kuwa na uso wa bibi harusi, pana mikwaruzo mitupu.

"Nani kafanya unyama huu?"

Bhanwarlal anashuka ngazi taratibu. "Mimi, dada. Diwali ya mwaka niliooa. Chokaa ilivimba hapo, nami nilifundishwa kukwangua kwanza, ndipo mpya ishike. Niliona rangi, nikadhani ukungu. Marehemu mumeo alinisifu." Anajifuta machozi kwa kilemba.

Bi Gulab anaisogeza ndoo ya chokaa kwenye ukuta wa pili. "Paka kuta tatu," anasema. "Huu uache. Lakshmi atatuvumilia."

Iko nyumba moja nje ya mji, wazee huitaja kuwa na ukuta wa Khetu, nayo imefungwa tangu kabla Bhanwarlal hajazaliwa. Ameshaomba ufunguo.

"Namtaka Khetu mmoja tu," anasema, "ambaye mkono wangu haujamfikia."