Kipande Kimoja Hakipo

Verlie Cutts ana tabia moja inayomponza: kuhesabu. Mwaka wa kumi na tisa huu, kila Jumamosi asubuhi anakaa kwenye ukumbi wa kanisa hapa mjini Burnie, kwenye maktaba ya vitu vya kuchezea, ambako wazazi huazima midoli na magari kama wengine waazimavyo vitabu. Kinachorudi anakimwaga mezani, anahesabu kipande kwa kipande. Kikipungua kimoja, anamkodolea macho mama wa watu mpaka ajione mwizi. "Anayebaki na kipande anakirudisha mwenyewe," ndiyo sheria yake. Mjukuu wake Marnie aliijua kabla hajajua kuhesabu.

Mimi ni jirani yake, uzio tu ndio unaotutenganisha, na siri zake huwa zinaanguka upande wangu.

Marnie alikuwa anatimiza miaka minne. Verlie akaomba sherehe ifanyike kwake, yote iwe ya midoli: kila mtoto aje na mdoli wake, meza ipambwe kwa matofali ya mbao, keki iwe treni. Mkwewe Shauna, mama yake Marnie, akakubali papo hapo, na hapo ndipo Verlie alipoingiwa na shaka.

"Shauna hajawahi kunikubalia kitu bila kubishana," aliniambia, huku akifungasha zawadi ya mchezo wa kupokezana, gazeti juu ya gazeti, kila mtoto achane moja. "Hapa kuna jambo, Glenys."

"Labda ameanza kukupenda."

"Usinichekeshe."

Jumanne alikwenda nyumbani kwa mwanawe Damien kuchagua midoli ya kupamba meza, akakuta rafu ya Marnie imepungua. Nyumba ya mdoli haipo, ng'ombe wa mbao hawapo. Alhamisi, baiskeli nayo haipo. Shauna simu ikilia anakimbilia uani. Damien, mtoto wa kumzaa mwenyewe, hamtazami usoni.

"Anauza vitu vya mtoto," Verlie akakata shauri. "Kamari hiyo. Au ana mwanamume."

"Mwanamume wa kuhongwa ng'ombe wa mbao?"

Hakucheka. Nami, nakiri kwa aibu, nikaanza kuchungulia gari la Shauna kila lilipopita. Shaka ni upupu; ukimgusa mwenye nao, nawe unajikuna.

Jumamosi Verlie alifika maktabani akakuta boksi mlangoni. Ndani yake nyumba ya mdoli na ng'ombe, baiskeli imeegemezwa kando, na karatasi yenye mwandiko wa Shauna: zawadi kwa maktaba. Alirudi nyumbani anatokota kwa hasira. Shauna alikuwa jikoni kwa Verlie, juu ya kiti, ananing'iniza mapambo, mimi nashika kiti. Marnie alikuwa chini na treni yake ya vipande.

"Mtoto mnamnyang'anya vitu vyake kabla hata ya sherehe yake ya kuzaliwa?" Verlie alifoka. "Mnaficha nini?"

Shauna akashuka taratibu. "Damien hajakwambia? Aliniapia kwamba Jumatatu angekwambia."

"Aniambie nini?"

"Amepata kazi mgodini Kalgoorlie. Tunaondoka wiki ijayo. Vitu vyote havitoshi kwenye gari la mizigo. Marnie amechagua treni tu."

Kalgoorlie iko ng'ambo ya pili ya nchi. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na umbea wangu. Verlie alivuta kiti, akaivuta treni pia, akaanza kuhesabu. Nadhani hakujua afanye nini kingine.

"Thelathini na moja," akasema. "Dereva hayupo. Naye mmempeleka wapi?"

"Juzi alikuwepo, tulipokuja hapa kwako," Shauna akamjibu. "Labda tukupekue wewe mifuko."

Marnie alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Jumapili sherehe ilifanyika. Watoto walikula mkate wa siagi na punje za sukari za rangi, gazeti likachanwa, mdoli wa mtu akazama kwenye sharubati. Verlie alitabasamu kwa meno tu. Keki ikiliwa, nilimwona akipapasa chini ya makochi, akimtafuta dereva.

Wageni walipoondoka, tukabaki sisi wa nyumbani, Verlie alifungua kopo la chai. Dereva alikuwa amesimama humo, katikati ya majani.

"Marnie! Ulimficha wewe?"

"Sikumficha, Bibi. Amebaki kwako."

"Kwa nini?"

Mtoto akamshangaa, kama vile bibi yake ameanza kusahau. "Anayebaki na kipande anakirudisha mwenyewe."

Verlie analia vibaya, kwa kelele; sikuwahi kujua. Alipomaliza, alichukua kadi ya maktaba, akaandika: *Treni, vipande 32. Kipande kimoja hakipo. Kiko kwa Verlie Cutts.* Kisha akainua kalamu, akamtazama mkwewe bila ya lile jicho lake la kuhesabu.

"Tarehe ya kukirudisha huko kwenu niandike lini?"

Shauna alifuta mikono kwenye aproni.

"Pasaka," akasema. "Na ukichelewa, Verlie, kuna faini."