Bitoke bila mbuzi

Ulikuwa ule mwaka muhogo ulioza udongoni, tukala bitoke, zile ndizi za kupika, asubuhi, mchana na magaribi, mpaka watoto wakawa wanalia wakiona mtu anapita njiani na mkungu kichwani. Tarehe usiniulize. Masomo yangu yaliishia darasa la pili, na minye mwenyewe miaka naihesabu kwa mdomo: mwaka wa bitoke, mwaka wa ndagala nyingi, mwaka tuliokula majani ya maharage. Huo wa bitoke nilikuwa msichana wa kuteka maji, meno ya mbele yameshaota upya, na tulikuwa tunakaa kwa koko, mama ya baba yangu, kule juu kwenye milima ya Lemera.

Nimeukumbuka juzi kwa sababu ya mzee wangu, huyu mume wangu. Daktari amemwambia aache nyama, maana miguu yake inavimba na kumchoma kama imeingia misumari. Alirudi hapa Kalundu amenuna kama mtu aliyenyang'anywa shamba. Akaketi, akasema, "Basi maisha imeisha. Jumapili nitakula nini?" Nikamwambia utakula chakula cha wanawake. Yeye ni mtu wa huku chini ziwani, wa samaki, mukeke na ndagala, hakujua nasema nini. Nikaagiza sokoni bitoke, karanga na uyoga mkavu, na mikono yangu ikaanza kazi kabla kichwa hakijakumbuka.

Kwetu zamani mwanamke hakula mbuzi. Walisema ukila utaota ndevu, na utakuwa mbishi kama mbuzi mwenyewe. Koko alikuwa mbishi tangu tumboni mwa mama yake na hakuwahi kulamba hata mfupa, kwa hiyo neno lile sikuliamini hata utotoni. Lakini kidevu nilikipapasa mara nyingi. Kila Jumapili tukitoka kanisani zilipikwa nyungu mbili. Ya wanaume ilikuwa bitoke na mbuzi, na mama yangu aliipika inje, uwanjani. Ya wanawake ilikuwa bitoke bila mbuzi. Hiyo koko aliipika mwenyewe, ndani ya jikoni, na hakumpa mtu mwingine mwiko wake.

Sikiliza namna. Uyoga wa kwenye vichuguu, ule mkubwa unaotoka mvua ya kwanza ikinyesha, aliupasua kwa vidole kufuata nyuzi zake, akautundika juu ya moto, ukakaa pale ukinywa moshi mpaka ukawa mweusi kama mshipi wa ngozi. Siku ya kupika anauloweka, anaukamua, anautia kwenye mafuta mekundu ya ngazi, yaani mawese, mpaka kingo zake zinakuwa ngumu kidogo, za kuvutana na meno. Halafu vitunguu, halafu biringanya ndogo zile chungu, halafu bitoke, na yale maji ya kulowekea uyoga yote yanaingia, hakuna kumwaga. Mwisho karanga, alizokaanga na kusaga juu ya jiwe mpaka zikatoa mafuta. Anafunika kwa jani la mgomba, anavuta kuni inje kidogo, moto unabaki wa kunong'ona. Na anaonja. Anaonja, anaongeza chumvi, anaonja tena.

Hapo ndipo nyungu mbili zilipoachana. Mama alipika nyama asiyoruhusiwa kuionja. Alitia chumvi kwa macho. Jumapili moja wanaume walikula kitu kama maji ya mto, Jumapili nyingine kama wamelamba ukuta. Tulimsikia babu akiita kutoka uwanjani, "Muke wa mwanangu, leo umetuzika kwenye chumvi." Nasi ndani tunacheka mpaka moshi unatuingia kooni. Koko anasema, "Waache. Wanakula cheo."

Sasa mwaka ule wa bitoke, mwalimu wa kanisa alisimama Jumapili moja akasema Mungu hakumkataza mwanamke mbuzi. Waliomkataza ni wanaume, na wanaume hao wajirekebishe. Babu alikuwa mtu wa benchi ya mbele. Alirudi nyumbani akatuita wote uwanjani, akasema toka leo nyungu ni moja. Wote watakula mbuzi, wote watakula inje. Ile ya ndani ipumzike.

Mama alifurahi wazi. Shangazi, dada ya baba, mwenye mdomo usiopumzika, akashika kidevu chake mwenyewe akamuuliza, "Ndevu zikiota, weye utaninyoa?"

Mama akamjibu, "Zako niziache. Zitafunika huo mdomo."

Watu wote wakacheka, babu pia. Koko hakucheka. Shamba lilikuwa la babu, nyumba ya babu, mbuzi wa babu, hata kuku walikuwa wa babu ingawa hakujua wanalala wapi. Nyungu ile peke yake ilikuwa ya koko. Mahali pekee katika boma lile ambapo mtu hakumwambia fanya hivi, acha vile, ni kando ya yale mafiga yake. Nyungu ikipumzika, na yeye amepumzishwa. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililiona usoni mwake kama unavyoona mvua inakuja. Alisema tu, "Kuleni. Minye sikukosa kitu." Akaingia ndani, akasukuma kuni zake.

Minye nilikula mbuzi. Sitakudanganya, ilikuwa tamu. Na tangu mama aliporuhusiwa kuonja, chumvi ikakaa mahali pake, wanaume wakawa wanatazamana. Mama akatembea uwanjani kama mtu aliyeshinda kesi. Shangazi alilamba vidole mpaka kwenye kiwiko. Ndani, amri au si amri, koko alipika nyungu yake vilevile, akakaa nayo peke yake.

Nikampelekea maji. Akachota kipande cha uyoga kwa mwiko, akapuliza, akanitia mdomoni. Nikatafuna na mafuta ya mbuzi yangali yananing'aa midomoni. Aliyaona. Akanipangusa kwa kidole gumba, akauliza, "Ile ya inje, leo iko na chumvi?"

Nikasema ndiyo, iko nayo.

"Vizuri," akasema, akageukia moto. Hakuna kofi lililowahi kuniuma namna ile.

Lakini nyama ya kulisha wanaume peke yao, ukiigawa kwa watu wote wa boma, inakuwa hadithi. Babu aliyezoea paja alianza kuona supu, bitoke na mfupa mmoja unaogelea. Hakuweza kulalamika, amri ni yake. Jumapili moja upepo ukageuka, ukatoa harufu ya karanga na uyoga jikoni, ukaileta mpaka kwenye kiti chake. Mkono wake ukasimama njiani. Akaniita, akanipa sahani ya bati.

"Nenda kwa koko wako. Mwambie atie kidogo, mzee anataka kuonja."

Koko hakugeuka hata shingo. "Nyungu yangu haitoki jikoni."

Nikarudisha jibu. Babu akasema, "Mwambie sikuitisha nyungu. Niliitisha sahani."

Nikarudi ndani. Koko akasema, "Na kitakachokuwa kwenye sahani kitatoka wapi?"

Nikatoka tena na sahani yangu tupu. Baba mdogo akakohoa kicheko, akasema, "Baba, mlango uko wazi. Ingia." Pale uwanja mzima ukamgeukia babu, maana zamani zile mwanaume aliyekaa jikoni walimwimba kwa kumcheka mpaka mtoni. Babu akachukua mfupa wake, akaunyonya hadi ukalia filimbi, na siku ile ikaisha hivyo.

Jumapili iliyofuata alikuja. Mlango wa jikoni ulikuwa mfupi, akaingia ameinama kama mtu anayetafuta sindano, moshi ukamdaka macho, machozi yakamtoka kabla hajasalimia. Nikampisha kigoda changu. Magoti yakapanda mpaka masikioni. Koko hakumtafutia sahani ya heshima. Alimpakulia kwenye jani la mgomba kama alivyotupakulia sisi, akamsukumia, akaendelea na kazi yake.

Babu alikula mpaka nusu ya jani. Kisha akasema, "Weye ulikuwa unakula hii miaka yote?"

"Na weye ulikuwa unakula mbuzi."

"Na ulininyamazia."

"Uliniuliza?"

Akachukua kipande, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akakigeuza. "Hii si nyama?"

"Ni ya kichuguu."

"Mbona inapigana na meno kama nyama?"

"Ni meno yako yamezeeka, mzee."

Mlangoni kikatoka kicheko. Alikuwa shangazi, ametegesha sikio, na nyuma yake mama na bakuli lake mkononi. Koko akawaambia kama wanakaa wakae, kama wanaziba mwanga watoke. Wakakaa. Akaja baba mdogo, akasimama maana nafasi imekwisha. Uwanjani ikabaki nyungu ya mbuzi na mbwa anayeiwazia.

Toka siku ile hatukurudi kwenye mwiko wa zamani. Wanawake waliendelea kula mbuzi, na ndevu hatukuota, isipokuwa shangazi, mbili, uzeeni, na akasema zilikuwa za kiukoo. Koko mwenyewe hakula. Si kwa kuogopa. Alisema harufu yake inamchosha. Lakini Jumapili watu walianza na chakula cha inje, halafu mmoja mmoja wakaingia ndani kwa koko, wanaume na wanawake, goti kwa goti, na mimi katikati nikisikiliza mambo ambayo mtoto hakupaswa kusikiliza.

Jikoni lile halipo. Nilipopanda Lemera kumzika shangazi nilikuta majani yameota pale, na jiwe la kusagia limegeuzwa ngazi ya mlango wa mtu. Vichuguu wamevisawazisha wapande mahindi. Minye hapa napikia kwenye mbabula ya makaa, na uyoga wa sokoni umekaushwa na jua tu, haujui moshi, inabidi niukaange muda mrefu na kuusamehe kidogo. Wajukuu wangu wa kike wanasimama bandarini jioni, wanakula mbuzi kwenye vijiti, hawajawahi kupapasa kidevu. Nawaangalia nafurahi. Ule mwiko uende zake, sitaulilia. Ninachokitafuta bila kukipata ni zile sauti, watu wengi wamebanana kwenye nyumba ndogo ya moshi, wanakohoa, wanatukanana kwa upendo, na hakuna anayetaka kutoka.

Mzee wangu alikula. Akaomba tena. Akachimba kwa kijiko mpaka chini, akasema, "Kuna mbuzi humu, unanificha." Nikamwacha achimbe.

Ila ngoja nikumalizie ile siku ya kwanza ya babu, maana sijafika mwisho wake. Alipokwisha kula, alikunja jani lake vizuri, jambo ambalo wanaume hawakulifanya. Akasimama, mgongo umepinda chini ya paa, akamwambia koko kwa sauti ya mkutano.

"Mama, Jumapili ijayo mwalimu wa kanisa atakula kwangu. Mbuzi ipumzike. Tutaleta hii nyungu yako inje, tuiweke katikati ya uwanja, watu waone muke wangu anapika namna gani."

Kwa mtu kama babu, ile ilikuwa zawadi kubwa kuliko ng'ombe. Mama alimkonyeza koko akubali. Shangazi alishika mdomo wake kwa mikono miwili ili usiharibu. Koko alikuwa anafunika masalio kwa jani bichi. Alifurahi, mabega yake yaliniambia. Akabana jani pembeni, pole pole, upande huu na upande huu, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Nyungu yangu haitoki jikoni."