Egwang Aliyewachekesha Askari

Usidanganywe na wanaosema mchekeshaji hana hofu. Egwang wa Malaba alikuwa mwoga tangu utotoni: aliogopa mbwa, mwalimu, hata jogoo wa jirani. Ila alichokiogopa alikiiga, watu wakacheka, naye akapata nafuu. Mchana alipakua magunia stesheni. Jioni alizunguka vyungu vya ajono, ile pombe ya wimbi inayonyonywa kwa mirija mirefu. Kufikia mwaka wa sabini na nne, hakuna harusi ya Busia wala Mundika iliyofana bila yeye.

Kituko chake kilichopendwa zaidi kilikuwa cha askari wa ng'ambo, wa Uganda, akipekua kikapu cha mama mpakani: kifua mbele, bunduki ya bua la mtama, akinusa samaki mkavu kana kwamba ni bomu. Watu walicheka hadi machozi. Walihitaji kucheka, maana siku hizo mtu aliweza kuvuka asubuhi asionekane tena. Akurut, dada yake wa pekee, aliolewa huko huko, na mumewe alikuwa mmoja wa hao wasioonekana. Bado alimngoja kwa wakwe.

Sasa, kwa Wateso mgeni akifika chunguni hupewa mrija kwanza. Kumuuliza atokako kabla hajanywa ni utovu wa adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza Egwang. Alasiri moja mwaka wa sabini na sita, mwanamume mnene alikaribishwa kwa Mama Rosebella, muuza ajono, na Egwang akaanza vituko. Wote walicheka. Mgeni alinyonya tu mrija wake. Alipokwisha kunywa akasema polepole:

"Umeniiga vizuri, boss. Jumamosi kuja pale geti ya mpaka, wenzangu pia waone. Usipokuja, dada yako si yuko kwetu? Tutauliza yeye."

Egwang hakulala. Kila mlio wa gari ulimtoa kitandani. Kukimbia aliweza, Akurut je? Akamwendea Zaitun, muuza vitenge wa Busia aliyevuka kila wiki, amfikishie dada ujumbe: Jumamosi asubiri sokoni karibu na geti, akisikia askari wanacheka, avuke na watoto.

"Na wewe utatoka aje, kaka?" Zaitun aliuliza.

"Hiyo sijui, dada."

Siku ilipofika, alisimama mbele ya bunduki za kweli. Alijaribu kutoa kifua, sauti ikakwama. Askari wakaangua kicheko, wakidhani ndio mchezo wenyewe. Walimzunguka, geti wakalisahau. Akatupa jicho, akamwona Akurut, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, akipita bila kugeuka. Egwang alitaka kulia. Badala yake akajitupa chini, akanusa vumbi, akabweka.

"Tena!" alisema yule mnene, akifuta machozi.

Akarudia. Akarudia mpaka jua likapinda, ndipo wakamsukuma kwa teke arudi kwao.

Mama Rosebella alimtumia salamu mara nyingi; hakwenda. Akisikia watu wakicheka pamoja, hata harusini, alitafuta kwanza mlango uko wapi. Alipakua magunia yake, akala, akanyamaza. Na watoto wa Akurut, waliolelewa nyumbani kwake, walikua wakijua kwamba mjomba wao ni mtu asiyependa mzaha.