Kungoja Mlio wa Laini

Katika amri za kupiga simu kwa kompyuta, herufi W huiamuru modemu ingoje mlio wa laini kabla ya kupiga namba. Kila niiandikapo, hunirudia harufu ya mkonga wa simu ya posta, wenye joto la pumzi za watu.

Nilipokuwa mtoto, mtaa wetu mzima wa Nguvumali ulivumisha kwamba baba amefia Pemba. Mama alinikokota hadi posta. Laini ilikuwa kimya, foleni ikaguna.

"Shoga, turudi tukalie," jirani alimhimiza. "Sukari ya matanga nimeipata kwa magendo!"

"Nionyeshe aliyeiona maiti."

Mama hakuuachia mkonga, akihamisha uzito mguu hadi mguu, mpaka mlio ulipokuja. Akazungusha namba ya duka la Pemba alikofanya kazi baba. Akapokea baba mwenyewe, akikohoa.

"Huku tumeshakutandikia majamvi ya msiba," mama alimwambia kwa ukali, kisha akaketi sakafuni na kuangua kilio.